Mtoto wa Kisiwani Naye Ahesabiwe

Kila zinapokaribia sikukuu za Idd na likizo za shule, bandari ya Malindi mjini Unguja, ile ya Mkoani kisiwani Pemba na gati za Dar es Salaam na Tanga hufurika watu. Baba hutangulia na mizigo, mama hufuata na mmoja mgongoni na mwingine mkononi, na bibi aliye ng'ambo ya pili ameshaanza kutandika mikeka ya wajukuu. Hizi ni safari za kuunga udugu, na kuunga udugu ni ibada. Basi isidhaniwe kwamba tunaandika ili kuwazuia watu wasisafiri na watoto wao. Aliyezaliwa Wete na kuolewa Makunduchi hana njia nyingine ya kuwaonesha watoto wake walikotoka ila kuvuka maji. Tunachotaka kukisema ni kwamba katika safari hizi, na katika malezi yetu ya visiwani kwa jumla, mtoto amekuwa ndiye abiria anayefikiriwa mwisho, ilhali bahari humfikia yeye kwanza.

Hatuna budi kuanza na jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulikumbuka. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, siku chache tu baada ya Idd el-Fitri, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Uwezo wake haukufikia abiria 700, lakini siku ile ilibeba watu zaidi sana ya kiasi hicho, pamoja na shehena. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na mamia ya wengine hawakuonekana tena. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikiwa zimebaki siku mbili tatu kuingia Ramadhani, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipinduka karibu na Chumbe katika upepo mkali wa kusi, na waliokufa na kupotea walipindukia 100. Katika ajali zote mbili walikuwamo watoto. Zipo nyumba Pemba ambazo hadi leo hazina kaburi la kulizuru, kwa kuwa mwenye kaburi hakurudi.

Baada ya misiba ile tuliyasikia maneno mengi, na yaliyotawala ni kwamba ajali haina kinga na kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Kwamba ajali haina kinga, hilo wanalisema mabaharia. Kwamba ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu, hilo ni itikadi yetu na hatuna ugomvi nalo. Lakini kuna watu huitumia kadari kama shuka ya kufunikia uzembe. Kisa cha Mbedui na ngamia wake kila mtoto wa madrasa anakijua, nasi hatuna haja ya kukirudia hapa. Itoshe tu kuuliza: mtu anayempandisha mwanawe katika chombo ambacho kwa macho yake anakiona kimejaa hadi ngazini, akasema tawakkaltu, je, amefunga ngamia au amemfungulia?

Lililotuumiza zaidi katika ajali ya 2011 ni suala la hesabu. Wiki baada ya wiki idadi ya waliokuwamo melini ilibishaniwa, kwa sababu walioandikwa na waliopanda hawakuwa sawa. Na katika hesabu za namna hiyo wa kwanza kupotea ni mtoto. Mtu mzima ana tiketi, na tiketi ina jina. Mtoto wa mkono hana tiketi. Wa miaka minne hupitishwa kwa kuambiwa ni wa miaka miwili, ili isilipwe nusu nauli. Wa miaka kumi huingia akiwa amebeba kapu la mtu mwingine. Mzazi hufurahi kwamba ameokoa shilingi elfu kadhaa, naye karani hujifanya hakuona. Chombo kikifika salama, hakuna aliyehasirika. Kisipofika, yule mtoto hayumo katika karatasi yoyote. Na asiyekuwamo katika karatasi hatafutwi kwa jina lake, na mara nyingine ndugu hutakiwa kuthibitisha kwamba alikuwamo.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, nasaha yetu ya kwanza ni nyepesi na haina gharama kubwa: mwandikisheni mtoto. Hata kama ni wa siku arobaini, hata kama halipiwi chochote, jina lake na la mzazi wake liingizwe katika orodha ya abiria, na mzazi asiondoke dirishani mpaka alione limeandikwa. Kusema uongo juu ya umri wa mtoto ili kupunguza nauli ni uongo kama uongo mwingine, nasi tunashangaa kuwaona watu wanaosimama safu ya mbele wakiufanya mbele ya watoto wenyewe. Mtoto huyo ndiye tunayetaraji kesho asiseme uongo dukani.

Jambo la pili ni jaketi la kuokolea maisha. Ni watu wachache sana wanaojua kwamba jaketi la mtu mzima halimfai mtoto mdogo. Akitumbukia majini nalo humpanda hadi usoni au likamvuka kabisa, akabaki yeye chini na jaketi juu. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unazitaka meli za abiria ziwe na majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya idadi ya abiria, au zaidi ikihitajika ili kila mtoto apate lake, na pia majaketi maalumu ya watoto wachanga. Kanuni hiyo iliwekwa kwa meli za safari za kimataifa, lakini maji ya mkondo wa Pemba hayaulizi kama safari ni ya ndani au ya nje. Mzazi ana haki, kabla kamba hazijafunguliwa, kumwuliza baharia kwa adabu: jaketi la mwanangu liko wapi? Akijibiwa kwa dharau aulize tena, na wenzake waliokaa karibu waulize pamoja naye. Tumezoea kuona haya kuuliza, eti tutaonekana waoga au watu wa shamba. Wenye vyombo huisikia sauti ya abiria mia moja haraka kuliko barua ya gazeti.

Ni haki kusema kwamba mambo hayakubaki kama yalivyokuwa. Serikali iliunda tume, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar imekuwa na kazi ya kukagua vyombo na kuzuia safari hali ya hewa inapochafuka, na mwishoni mwa 2015 iliwasili MV Mapinduzi II, meli mpya iliyotengenezwa Korea Kusini yenye nafasi ya abiria 1,200. Boti za kasi nazo zimefupisha safari ya Dar es Salaam na Unguja ikawa ya saa mbili hivi. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Lakini meli kubwa haziendi Kojani, Fundo wala Tumbatu. Huko watoto huvuka kwa mashua na boti ndogo, wengine kila siku, na hakuna karani wala orodha. Msimu wa kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, ndipo bahari hukasirika, na ndipo likizo ya katikati ya mwaka inapoangukia. Nahodha mwenye akili akisema leo hatuendi, asibembelezwe. Tumeshuhudia abiria wakimgombeza nahodha kwa sababu harusi ni kesho. Harusi itangoja.

Hapa tugusie kidogo nchi kavu, kwa kuwa safari haimaliziki gatini. Ukishuka chomboni ukampakia mtoto mbele ya dereva wa pikipiki, amekalia tangi, ameshika usukani kwa vidole vyake, umemtoa katika hatari moja ukamtia katika nyingine. Yule mtoto ndiye ngao ya dereva. Hatuongezi neno.

Turudi kwenye maji, kwa sababu kuna jambo linalohusu sikukuu zenyewe ambalo wazee wa pwani walilijua vizuri, nasi tumeanza kulisahau. Bamvu, yaani maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Idd el-Fitri ni siku ya kwanza ya Mfungo Mosi, mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama. Maana yake ni kwamba sikukuu hii, mwaka baada ya mwaka, kiangazi au masika, huangukia katika bamvu. Tofauti ya maji kupwa na maji kujaa katika siku hizo hufikia kiasi cha mita nne hapa Unguja. Na tena ziangalieni saa. Siku za bamvu maji hupwa kabisa kiasi cha saa 4 au saa 5 asubuhi, wakati ule ule ambao watu wamekwisha kusali, wamekula, na magari ya vijana na madrasa yanaanza kuelekea Nungwi, Jambiani na Bwejuu. Watoto hukuta pwani imekuwa uwanja. Huenda wakitembea mbali, mpaka karibu na mwamba, wakiokota kombe na kufukuza kaa, na nyuma yao maji huanza kurudi kwa kupitia mikondo na mabonde ya chini kwanza, kabla ya kufunika mchanga ulio juu. Mtoto hutazama mbele akaona pakavu, akigeuka nyuma hukuta kifua chake hakifui dafu mbele ya mkondo. Alasiri bahari imejaa. Idd ya Mfungo Tatu huwa siku ya kumi ya mwezi, katika maji mafu, ndiyo maana haina vitimbi vya namna hii. Basi aliyezoea pwani ya Idd moja asidhani ameijua na ya pili.

Hatusemi watoto wasipelekwe pwani. Tunasema waende na mtu mzima ambaye siku hiyo hana kazi nyingine: hapiki pilau, hapigi picha, hasimulii habari. Kazi yake ni kusimama na kuhesabu vichwa. Kundi la watoto thelathini lenye ustadhi mmoja aliyekaa kivulini na simu yake ni kundi lisilokuwa na mlinzi.

Na sasa tufike penye mzizi. Watu wa bara hudhani kwamba kila aliyezaliwa kisiwani ni samaki. Ukweli ni kwamba wengi wetu hatujui kuogelea. Watoto wa kiume wa mjini hujifunza wenyewe kwa kujirusha Forodhani, anayejua akajua na asiyejua akanywa maji. Wa kike hata hilo hawana. Msichana hukua hatua mia moja kutoka baharini, akaolewa, akazaa, na maisha yake yote bahari kwake ikawa ni kitu cha kutazamwa au cha kuokotea chaza yakipwa maji. Usiku ule wa Nungwi hatujui ni wangapi wangalifika ufukweni lau wangeweza angalau kuelea hadi alfajiri. Tunajua tu kwamba asiyeweza kuelea hana hata nafasi ya kungoja.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya Desemba 2024 kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao wadogo hawafi katika meli tu. Hufa katika kisima kisichofunikwa, katika pipa la maji ya mvua, katika ndoo ya kufulia iliyoachwa uani mama alipokwenda kumjibu mgeni mlangoni. Kufunika kisima ni kazi ya mchana mmoja wa vijana wa mtaa. Kwa wenye umri wa kwenda shule, shirika hilo linashauri wafundishwe kuogelea na namna salama ya kumwokoa mwenzao, kwani mara nyingi anayezama huzama na aliyeruka kumwokoa.

Wapo watakaosema: wavulana sawa, lakini wasichana je? Hili tunalichukulia kwa uzito, kwa sababu haya ni sehemu ya imani na hatutaki kuinunua salama ya mwili kwa kuuza sitara. Lakini jawabu lake limekwisha kupatikana hapa hapa nyumbani. Kuanzia mwaka 2011 mradi wa Panje huko Nungwi uliwafundisha watoto wa vijiji vya kaskazini kuogelea, wasichana wakivaa mavazi yanayofunika mwili mzima na kichwa, na baadhi ya waliofundishwa wakawa walimu wa wenzao. Mwaka 2016 wasichana wa skuli ya Kijini walikuwa wakijifunza baharini hapo Muyuni, wakielea kwa kushika madumu matupu ya plastiki. Dumu tupu lenye mfuniko! Hakuna nyumba isiyokuwa nalo. Mwalimu mwanamke, vazi la heshima, upande wa pwani usiopitwa na watu, na dumu: hebu atuoneshe mtu ni wapi hapo sheria imevunjwa. Amri ya kuwafundisha watoto kuogelea inayonasibishwa na Sayyidna Umar (r.a.) husomwa sana mimbarini kuwasifu mababu, lakini ni mara ngapi tumesikia ikifuatiwa na tangazo la mahali na saa ya mafunzo?

Tena ipo haja ya riziki. Kilimo cha mwani kilichoanza upande wa mashariki mwa Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 kinaendeshwa kwa sehemu kubwa na wanawake. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, na mwani wenye bei nzuri hufa humo. Inabidi upelekwe kwenye kina kirefu zaidi. Mama asiyejua kuogelea hawezi kuufuata, na akiufuata huku mtoto wake mdogo ameachwa ukingoni anamwita, wako wawili hatarini. Kumfundisha binti kuogelea leo ni kumpa mama wa kesho mguu wa kusimamia.

Bahari ina jambo jingine ambalo kwa uchungu halina budi kutajwa. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na makumi wengine wakalazwa. Yule mtu mzima alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia. Wala haikuwa mara ya kwanza: Novemba 2021 watu saba walikufa Pemba kwa sababu hiyo hiyo, akiwamo mtoto wa miaka mitatu. Kasa mara nyingine hubeba sumu, ambayo hudhaniwa hutokana na mimea ya baharini anayoila. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kutiwa ndimu. Haina dawa inayoijua. Huwamaliza watoto kwanza kwa udogo wa miili yao, na mama aliyekula huweza kuipitisha kwa anayemnyonyesha. Nyama ya kasa huliwa kama kitoweo cha heshima na hugaiwa majirani, na kwa ukarimu huo huo msiba mmoja huingia nyumba kumi. Masala ya fiqhi juu ya kasa tunawaachia wenye elimu yake, na sheria ya nchi inayomlinda mnyama huyu inajulikana. Kwa upande wetu tunasema: hata aliyekula mara ishirini akasalimika, ya ishirini na moja hana hati yake. Anayekuletea bakuli la kasa, mpokee salamu, mrudishie bakuli.

Mwisho kuna homa. Visiwa vyetu vimefanya kazi kubwa dhidi ya malaria, na kwa zaidi ya miaka kumi waliokutwa na vimelea katika vipimo vya watu wote hawakufikia asilimia 1, ingawa mwishoni mwa 2023 wagonjwa waliongezeka tena. Neema hii ina upande wake wa pili: mtoto aliyekulia hapa mwili wake haujawahi kupambana na ugonjwa huu, na akipelekwa likizo Tanga au Morogoro huumwa vibaya kuliko binamu zake aliowakuta huko. Chandarua chake kiende naye katika begi, kisiachwe kwa kuwa wenyeji wanacho. Na akipata homa katika wiki mbili tatu baada ya kurudi, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo, na mzazi amwambie mhudumu kwamba walitoka safari.

Zimebaki wiki kabla ya msafara mwingine. Tunaziomba kamati za misikiti na walimu wa madrasa wanaopanga ziara za sikukuu wakutane mapema, wamtafute katika jamaa yao mwanamke anayejua kuogelea na mwanamume anayejua, wawape kazi ya kufundisha, na wawaulize wavuvi saa za maji kabla ya kuchagua siku na pwani. Majina ya watoto wote yaandikwe katika nakala mbili, moja achukue kiongozi wa msafara na ya pili ibaki kwa imamu, pamoja na namba ya simu ya kila mzazi.